Je, Mchoraji Alipe Ili Picha Zake Zitundikwe?

Swali lililo mbele yetu ni hili. Mtu amechora picha, naye ataka watu wazione na wenye fedha wazinunue. Akaenda kwa mwenye nyumba ya maonyesho. Je, ni haki mwenye nyumba amwambie, "Lete kwanza fedha ya ukuta, ndipo nitundike picha zako"? Wako wasemao ndiyo, kwa kuwa hakuna ukuta wa bure duniani. Wako wasemao ni unyang'anyi mtupu. Mimi nasimama karibu na hawa wa pili, walakini si pamoja nao kabisa, na sababu zangu nitazieleza kwa mifano na kwa hesabu.

Msomaji asiyeshika brashi asifunue ukurasa upesi. Neno hili lamhusu pia mama anayesuka vikapu, kijana anayepiga gitaa, na mwenzetu anayeandika mashairi kisha akatafuta mtu wa kuyapiga chapa. Tena wakati wake ni sasa. Baadhi yetu tunaosoma sanaa tutamaliza Kidato cha Sita mwaka huu, na mtu akitoka hapa na picha zake chini ya kwapa, mlango wa kwanza atakaoubisha huenda ukamdai fedha.

Kwanza yafaa tufahamu kazi ya nyumba ya maonyesho, maana kwetu huku, tangu Kilembe hata Bwera, mtu aweza kuishi miaka mingi asiingie katika nyumba kama hiyo. Picha tulizozizoea ni zile za milango ya vinyozi, za mabango ya maduka na za kuta za kanisa. Nyumba ya maonyesho si duka tu, wala si jumba la makumbusho. Mwenyewe huchagua wachoraji ambao ameziamini kazi zao. Huzitundika kwa mpango, huweka taa na mlinzi, huwaalika wanunuzi anaowajua, na huwaeleza wageni mchoraji ni nani na kwa nini picha yake yastahili bei ile. Picha ikiuzwa, yeye hukata sehemu yake. Katika miji mingi sehemu hiyo ni tangu theluthi hata nusu ya bei. Nusu ni nyingi, nakubali, na wachoraji huinung'unikia kila mahali. Lakini angalia jambo moja: picha isipouzwa, mwenye nyumba hapati kitu. Yeye ni kama dalali. Katika biashara ya Waswahili liko neno la zamani la mapatano ya namna hii, nalo ni mali kauli, yaani nakuachia mali yangu kwa neno lako tu. Ukiiuza unanilipa, usipoiuza unanirudishia.

Nchi yetu haikuanza jana katika mambo haya. Mwaka 1937 Bibi Margaret Trowell alianza kufundisha uchoraji Makerere, na shule ya sanaa ya chuo hicho ikaja kuitwa kwa jina lake. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Gregory Maloba, mtu wa Kenya, ambaye ndiye aliyeifanya ile sanamu ya Uhuru iliyosimama Kampala tangu 1962. Mwingine ni Sam Ntiro wa Machame, kule Kilimanjaro, ambaye picha yake ilinunuliwa mwaka 1960 na jumba la Museum of Modern Art la New York. Nommo Gallery, nyumba ya sanaa ya taifa, ilifunguliwa Kampala mwaka 1964. Mwaka uliofuata Elimo Njau, aliyesoma Makerere, alianzisha pamoja na wenzake nyumba ya Paa ya Paa huko Nairobi. Na mwaka 2002 Daudi Karungi, mchoraji aliyesoma Makerere vilevile, alianzisha Afriart Gallery hapa Uganda. Msomaji ataona kwamba nyumba hizi mbili za mwisho zilianzishwa na wachoraji wenyewe. Jambo hili nitalirudia.

Sasa iko nyumba ya namna ya pili. Hii haichagui, au yachagua kwa jicho moja tu, yaani kutazama kama mchoraji ana fedha. Hudai ada ya wiki au ya mwezi, pengine ada ya kila futi ya ukuta, pengine ada ya kadi za mwaliko na ya soda za siku ya kufungua. Waingereza huziita nyumba hizi kwa dhihaka "nyumba za majivuno", maana anayelipa hununua nafasi ya kusema, "Nami nimeonyesha kazi zangu." Siku hizi hazingoji hata mchoraji abishe mlango. Barua hufika katika simu yake: "Tumeziona kazi zako, tumekuchagua kuonyesha London, au New York," na chini kabisa, kwa herufi ndogo, imeandikwa ada. Mtu asiyezoea hupiga kelele ya furaha akawaonyesha jirani. Yafaa asome hata mstari wa mwisho.

Ndugu mmoja aliyetutangulia hapa shuleni alikutana na nyumba kama hiyo. Alikuwa amechora Rwenzori alfajiri, kabla mawingu hayajaifunika, na mto Nyamwamba ulivyoacha mawe makubwa kando yake baada ya mafuriko ya Mei 2020. Mwenye nyumba, ambaye simtaji, wala mji wake siutaji, alizisifu sana picha zile, akamwita "msanii wetu wa milimani", kisha akafungua saraka akatoa karatasi ya ada. Fedha ilitoka katika kahawa ya mama yake. Picha zilitundikwa wiki mbili. Siku ya kufungua walikuja jamaa zake wachache wakaao mjini, na wachoraji wengine wawili waliolipa kama yeye, pamoja na jamaa zao. Walikunywa soda, wakapiga picha kwa simu, wakaenda zao. Hakuna kilichouzwa. Niliporudi likizo nilimwuliza, "Kaka, mwenye nyumba hakusikitika?" Akanijibu, "Mdogo wangu, asikitike kwa nini? Yeye alikwisha uza. Mnunuzi nilikuwa mimi."

Jibu hilo lina hekima kuliko vitabu nilivyosoma baadaye juu ya neno hili. Tulipime basi kwa hesabu. Hesabu hii ni ya mfano tu, lakini kila mtu aweza kubadili tarakimu akaijaribu mwenyewe.

Tuseme mchoraji ana picha 10, na kila picha bei yake ni shilingi 150,000. Fremu na nauli ya kuzipeleka Kampala, ambayo ni safari ya siku nzima kwa basi kutoka Kasese, zimemgharimu shilingi 300,000. Hizi atazitoa kwa vyovyote, nazo ni wajibu wake. Sasa nyumba ya kwanza yadai ada ya shilingi 600,000 mbele, na haikati kitu katika mauzo. Nyumba ya pili haidai ada, bali hukata shilingi 40 katika kila mia ya mauzo.

Zikiuzwa picha zote 10, mauzo ni shilingi 1,500,000. Katika nyumba ya ada mchoraji atoa 600,000 za ada na 300,000 za fremu na nauli, abaki na 600,000. Katika nyumba ya pili akatwa 600,000, atoa zile 300,000, abaki na 600,000. Ni sawasawa kabisa! Hapa ndipo wenye nyumba za ada hukuonyesha kidole wakasema, "Unaona? Hatukuibii."

Lakini ni nani auzaye picha zote? Zikiuzwa tano, mauzo ni 750,000. Katika nyumba ya ada mchoraji amepata hasara ya 150,000. Katika nyumba ya pili amekatwa 300,000, na baada ya fremu na nauli amebaki na faida ya 150,000. Zikiuzwa mbili tu, mauzo ni 300,000. Nyumba ya ada yamwacha na hasara ya 600,000. Nyumba ya pili yamwacha na hasara ya 120,000, ambayo ni hasara kweli, wala sisemi si kitu, lakini mtu aweza kuilipa kwa kazi ya mwezi mmoja au miwili. Na isipouzwa hata moja, wa kwanza amepoteza 900,000 na wa pili 300,000.

Maana ya hesabu hii ni kwamba ada ile ilipimwa kana kwamba kila picha itauzwa. Hatari yote ya mvua kunyesha, ya wageni kutokuja, ya bei kuwa kubwa mno, imewekwa juu ya kichwa cha mchoraji. Mwenye nyumba amelala. Tena kuna ubaya mwingine usioonekana katika tarakimu. Mwenye nyumba anayekata sehemu ya mauzo, picha isipouzwa naye amekosa. Basi atapiga simu, atamfuata mnunuzi hata hotelini, atamshauri mchoraji abadili fremu, atakataa picha dhaifu. Mwenye nyumba ya ada hana haja ya taabu hiyo. Fedha yake iliingia kabla ya msumari wa kwanza, na tangu siku ile mtu anayemhitaji si mnunuzi wa picha, ila mchoraji mwingine wa wiki ijayo.

Rafiki yangu mmoja hapa shuleni, mwenye akili ya biashara, alinipinga hivi: "Mbona sokoni Mpondwe kila mwenye ndizi na kila mwenye nguo hulipa ushuru wa mahali, auze asiuze? Mchoraji ni nani hata asilipe?" Hoja hii ni nzuri, nayo ilinisumbua siku kadha. Nadhani jibu lake ni katika mambo mawili. Soko la Mpondwe hujaa watu kwa desturi. Watu wa Kongo huvuka mpaka, wa Bwera hushuka, na mwenye ndizi analipa kidogo ili asimame mbele ya umati ambao tayari upo. Nyumba ya ada haina umati. Umati wake ni jamaa za wachoraji wenyewe, yaani mwenye ndizi amelipa ushuru kisha akaambiwa alete na wanunuzi. La pili ni hili: mtoza ushuru hasemi neno lolote juu ya ndizi zako. Hazipi cheo. Lakini nyumba ya maonyesho, kwa kule kuitundika picha tu, yamwambia mgeni, "Sisi wenye macho tumeichagua hii." Mgeni ataamini hivyo. Kama kilichochagua ni fedha, mgeni amedanganywa, na mchoraji amedanganywa pamoja naye, kwa sababu hatajua kamwe kama picha yake ilikuwa nzuri.

Mfano wa kwetu ulio karibu zaidi ni kahawa. Mkulima wa Kyarumba hamlipi mnunuzi ili aitazame kahawa yake. Akimletea, ama ataipenda ainunue, ama ataikataa kwa kuwa haikukaushwa vizuri, na katika kukataliwa huko mkulima amejifunza jambo bila kutoa senti. Vivyo hivyo mama anayesuka vikapu vyetu vya mabua ya ulezi na ukili, akimpelekea mwenye duka la wageni karibu na mbuga, hupatana naye kwa mali kauli. Sijasikia mama aliyelipia rafu. Ajabu ni kwamba msusi wa vikapu, ambaye wengine hawamwiti msanii, amelindwa na desturi kuliko mchoraji mwenye cheti. (Wanaomnyima jina la msanii wakumbuke mwaka 2022, Uganda ilipokuwa na banda lake kwa mara ya kwanza katika maonyesho makuu ya Venice huko Italia. Mmoja wa wasanii wetu wawili waliokuwapo, Acaye Kerunen, alipeleka kazi zilizosukwa kwa mikono ya wanawake, na banda letu likapewa sifa maalumu.)

Iko sababu nyingine ya kuichukia ada, nayo kwangu ni kubwa kuliko zote. Ada huchagua watu kwa mfuko. Jak Katarikawe alizaliwa Kigezi, ambako si mbali na sisi. Hakupata shule, alikuwa dereva Kampala. Alimwendesha Bwana David Cook, mwalimu wa Makerere, na huyu alipoziona picha zake alishangaa, akamfikisha kwa Sam Ntiro ambaye alimsaidia katika uchoraji. Baadaye Katarikawe alihamia Nairobi, na ng'ombe wake wenye rangi za ndoto walitundikwa katika Gallery Watatu, nyumba ambayo sasa imefungwa, wakasafiri mpaka Ulaya. Alifariki Nairobi mwaka 2018, naye ni mmoja wa wachoraji mashuhuri waliopata kutoka katika magharibi ya Uganda. Haya basi, tumweke kijana yule dereva mbele ya saraka ya ada. Mshahara wa dereva ungalilipa futi ngapi za ukuta? Mwenye fedha angalitundika picha za mwanawe, na ng'ombe wale tusingaliwaona.

Lakini nilisema mwanzo kwamba sisimami kabisa pamoja na wale wanaoita kila malipo unyang'anyi. Sababu ni kwamba nyumba zinazochagua nazo zina dhambi yao. Huchagua marafiki. Huchagua kile kilichouzwa mwaka jana. Hukataa kitu kipya kwa kuwa ni kipya. Mchoraji aliyekataliwa kila mahali aende wapi?

Watu wa Paris walilijaribu swali hili zamani. Huko palikuwa na maonyesho makubwa ya serikali, na wazee waliochagua picha walikuwa wakali sana. Mwaka 1863 walikataa picha nyingi mno, kelele zikawa nyingi, hata mfalme Napoleon III akaamuru zilizokataliwa zionyeshwe peke yake mahali pengine ili watu waamue. Watu wengi walikuja kucheka. Mwaka 1884 wachoraji wakaanzisha chama chao wenyewe cha Wasio na Bwana, ambacho hakikuwa na wazee wa kuchagua wala zawadi. Aliyetoa mchango wake alitundika. Miongoni mwa waliotundika tangu mwaka 1886 alikuwa Henri Rousseau, karani wa ushuru katika malango ya mji wa Paris, mtu wa kazi kama ile ya maofisa wetu wa Mpondwe. Alijifundisha kuchora mwenyewe. Walimcheka miaka na miaka kwa misitu yake na simba wake. Leo picha zake ziko katika majumba makubwa ya dunia. Bila chama kile, angalizitundika jikoni kwake.

Wamarekani waliiga desturi hiyo New York mwaka 1917. Mtu yeyote aliyelipa dola 6 alikuwa mwanachama na alionyesha. Zilikuja kazi zaidi ya 2,000, nazo zilitundikwa kwa kufuata alfabeti ya majina, kuanzia herufi iliyochaguliwa kwa kura kutoka katika kofia, ili asiwepo wa kupendelewa. Kisa chao ni cha kuchekesha. Mfaransa Marcel Duchamp, aliyekuwa mmoja wa viongozi wao, alinunua chombo cha kukojolea cha wanaume, akakilaza, akakitia sahihi ya jina la uongo, R. Mutt, akakileta pamoja na ada kamili. Viongozi wenzake wakafadhaika. Wakasema hii si sanaa, wasikionyeshe kwa watu, na Duchamp akajiuzulu. Sitaki kuingia katika hoja ya kama kile chombo ni sanaa, maana Padre wetu atasoma gazeti hili. Nataka tu msomaji aone kwamba hata pale waliposema "kila anayelipa atatundika," siku ya jaribu walichagua.

Sasa malipo haya ya Paris yanatofautianaje na ile karatasi ya ada ya ndugu yetu? Fedha ya Paris iliingia katika sanduku la wachoraji wenyewe. Ilikuwa ya nyumba, taa na misumari, si ya kumtajirisha mtu mmoja. Kila mtu alitoa sawa na mwenzake. Tena hapakuwa na udanganyifu, kwa sababu mji mzima ulijua kwamba hapa hakuna aliyechaguliwa. Njoo utazame kwa macho yako. Hapa mchoraji si mnunuzi wala si mpangaji. Ni mwenye nyumba.

Sisi watu wa Kasese hatuna haja ya kwenda Paris kulifahamu jambo hili. Mkulima anayejiunga na chama cha ushirika, uwe wa pamba kama Nyakatonzi au wa kahawa kama Bukonzo Joint, hutoa kiingilio na hununua hisa. Hakuna asemaye ameibiwa. Lakini mkulima huyohuyo akiambiwa na mchuuzi wa barabarani, "Nipe elfu kumi nizitazame kahawa zako," atamfukuza kwa fimbo. Malipo ni malipo, lakini moja lakufanya mwenye chombo, na moja lakufanya abiria asiyejua chombo kinakwenda wapi.

Na Waswahili wenyewe wametupa mfano mzuri kupita yote, nao ulianza chini ya mti. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, kusini ya Tanzania, akaenda kutafuta kazi, akafanya hii na ile. Katika mwisho wa miaka ya 1960 huko Dar es Salaam alianza kuchora wanyama na ndege kwa rangi ya kupakia baiskeli, juu ya vipande vya mbao laini vya dari. Hakuwa na shule ya sanaa, wala nyumba ya maonyesho isingemfungulia. Aliziuza picha zake chini ya mti karibu na Morogoro Stores, Oyster Bay, mahali walipopita Wazungu wakienda dukani. Mti haukudai kodi. Jamaa na rafiki zake wakajifunza kwake. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mwizi, naye alikuwa amechora miaka michache tu. Wanafunzi wake hawakutawanyika. Waliendelea kukaa mahali palepale, wakashirikiana, na mwaka 1990 wakaandikisha chama chao cha ushirika. Leo mtindo wenyewe waitwa Tingatinga duniani kote. Ningependa msomaji afikiri ni nani aliyewachagua watu hawa. Ni mpita njia aliyetoa fedha mfukoni mwake.

Kwa upande mwingine wako waliokwenda mbali zaidi, wakasema si mchoraji amlipe mwenye nyumba, bali mwenye nyumba amlipe mchoraji. Hawa ni Wakanada. Mwaka 1968 mchoraji Jack Chambers na wenzake walianzisha chama kinachoitwa CARFAC katika mji wa London, si ule wa Uingereza bali wa Ontario. Hoja yao ilikuwa nyepesi. Katika jumba la serikali mlinzi hulipwa, mfagizi hulipwa, mpiga chapa wa kadi hulipwa, mkuu wa jumba hulipwa. Kwa nini yule ambaye bila kazi yake kuta zingekuwa tupu ndiye asiyelipwa? Walipigania miaka 20. Mwaka 1988 sheria ya Kanada ikampa msanii haki ya kudai malipo kazi yake ionyeshwapo hadharani katika maonyesho yasiyo ya kuuza. Hii haihusu duka la picha, na mtu asichanganye. Kwa nchi maskini kama yetu sioni kwamba itawezekana upesi. Lakini yafaa tuijue, ili mtu akituambia kwamba ada ni "desturi ya ulimwengu" tumjibu kwamba ulimwengu ni mpana.

Basi wenzangu mtakaotoka na picha zenu, mkiifikia nyumba yoyote, ulizeni kwa adabu kabla ya kutoa hata shilingi. Ulizeni picha zilizouzwa humo mwaka uliopita zilikuwa ngapi, na mtafuteni mchoraji mmoja aliyeonyesha humo mkamwulize peke yake. Ulizeni sehemu watakayokata ni kiasi gani, na fedha italipwa baada ya siku ngapi; yaandikwe katika karatasi yenye sahihi mbili. Ulizeni picha ikipotea au ikilowa mvua nani atalipa. Na mwenye nyumba akisema anadai ada na pia atakata sehemu ya mauzo, nadhani hapo hamna haja ya swali jingine. Chukueni picha zenu mteremke ngazi.

Sisi wa darasa la sanaa tumekubaliana hivi. Siku ya wazazi muhula ujao tutatundika katika ukumbi wa shule. Kila mwenye picha atatoa shilingi 2,000 za misumari, kamba na karatasi za majina, awe amechora picha moja au sita. Hakuna atakayechagua, ila mwalimu ameweka sharti kwamba kila picha iwe imekwisha kukauka. Majina yatafuata kura ya kofia. Picha ikiuzwa, sehemu moja katika kumi itaingia katika sanduku la darasa la kununulia rangi, na tisa ni za mchoraji. Daftari la fedha litakaa juu ya meza mlangoni, wazi, pamoja na kalamu, na mzazi yeyote atakayetaka kulisoma atalisoma.